Kuku wa Krismasi Aliyechinjwa na Kukhu

Desemba ilipoingia tu mwaka huu, kikundi cha ukoo wetu kwenye simu kikawaka moto. Mpwa wangu mmoja, kijana wa ndevu changa, aliuliza: je, Mwislamu anafaa kusherehekea Krismasi? Huyu akasema haramu, yule akasema pilau ni pilau. Mimi nikaizima simu nikaitia kabatini. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu langu ni refu, haliingii kwenye simu, na tena lina manyoya. Wewe keti nikupe.

Nililelewa na bibi yangu upande wa Mumias, huku kwetu Kakamega, miaka ya tisini, siku zile trela za miwa zikipita tunazikimbilia nyuma kuchomoa muwa, tunarudi nyumbani tumejaa vumbi hadi kope. Bibi tulimwita kukhu. Ukoo wetu ni Waislamu tangu enzi za babu wa babu. Jirani yetu, mjane mwenye sauti iliyosikika hadi mtoni, alikuwa Mkristo wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe. Kati ya boma lake na letu palikuwa na ua wa michongoma, na katika ua huo pengo lililotokana na miguu yetu wenyewe. Mwezi wa Ramadhani aliwakataza watoto wake kukaanga samaki alasiri, eti harufu itatutesa. Idi ikifika, alikuwa wa kwanza kuingia kwetu na sufuria yake mkononi, bila haya hata kidogo.

Kwake Desemba ilikuwa ni shughuli. Nyumba ilikandikwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kuta zikachorwa maua kwa chokaa. Tawi la sipresi lilisimamishwa kwenye debe la mchanga, likapambwa pamba na baluni. Chapati wakati huo hazikuwa chakula cha ovyo. Ukisikia harufu yake ujue ni sikukuu au kuna mgeni wa maana. Na kuku! Sisi Waluhya, usipochinjiwa ingokho bado hujakaribishwa, umepita njia tu.

Jirani alijua kwamba hatuli kuku asiyechinjwa na Mwislamu. Basi asubuhi ya Krismasi, kabla hajavaa kanzu yake ya kanisani, alisimama penye pengo na kuita, "Mzee, kuja na kisu!" Babu alikwenda akachinja kuku wake wote, ili pasiwe na chungu chao na chungu chetu. Ile firigisi, tunayoiita imondo, ambayo kwa mila yetu ni ya mwanamume mwenye boma, jirani alimpa babu, maana mume wake alikuwa ameshafariki zamani.

Kisha mwaka mmoja, wakati wa mvua ndefu, babu naye akatutoka. Kisu kikabaki kwa baba mdogo, kitinda mimba wa kukhu, aliyekuwa ndio kwanza amerudi kutoka masomo ya dini mbali. Alikuwa kijana mwenye adabu, msafi, na asiyepinda. Krismasi ilipofika, jirani akaita kama kawaida. Baba mdogo akatoka, akamsalimu vizuri, akasema, "Mama, unisamehe. Siwezi. Hii sikukuu ni ibada ya dini yenu. Nikiichinjia, nimeingia ndani yake. Watu wa boma hili hawatakuja."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti ya yule mama ikishuka. Akasema polepole, "Sawa, mwanangu. Basi hata sisi hatuchinji. Tutakula obusuma, ugali tu, na mboga ya mrenda. Siwezi kula ingokho na mama yako yuko hapo anasikia harufu tu." Akageuka akaenda zake. Kuku walibaki wamefungwa miguu penye mlango wa jikoni. Watoto wake, nguo mpya zikiwawasha shingoni, wakasimama kwenye pengo wakituangalia kana kwamba sisi ndio tumewala kuku wao. Mimi nilikasirika hadi masikio yakapata moto.

Kukhu alikuwa uani akipepeta maharagwe, na alikuwa amesikia yote. Akaweka ungo chini.

"Wewe kijana, si umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Basi niambie ukweli, usinizungushe. Mwanamke akichinja, ni halali?"

Baba mdogo aliona anakopelekwa. Angesema hapana, nani angembishia? Kwetu mwanamke kumchinja kuku halikuwa jambo la kuonekana. Kina mama wa zamani hata kumla walikatazwa. Lakini hakuwa mtu wa kudanganya. Akainamisha kichwa akasema, "Ni halali, mama. Bora awe Mwislamu na ataje jina la Mungu."

"Lete kisu."

"Mama, na Krismasi je?"

"Kwani nani alikuambia naendanga kule kuomba? Krismasi ni yao, nimewaachia. Mimi naenda kwa jirani yangu. Baba yako akiwa kitandani hawezi kujigeuza, nani alikuwa anamgeuza pamoja na mimi? Wewe ulikuwa masomoni. Lete kisu!"

Kisu kikaletwa. Kukhu akakaza leso kiunoni, akapita penye pengo, nami nyuma yake mbio. Jirani mwenyewe ndiye aliyeshika mabawa. Kukhu alikuwa hajawahi kuchinja maishani mwake, nikaogopa atajikata. Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya michongoma: "Mama! Kibla! Mgeuze aelekee kibla, si huko!" Baba mdogo alikuwa amesimama upande wetu kabisa, vidole vya miguu vikiwa karibu kugusa pengo, jasho linamtoka. Jirani akaangua kicheko. Kukhu akamgeuza kuku, akasema Bismillahi, Allahu Akbar, akachinja. Wa pili hakuhitaji kuelekezwa.

Mchana tulikaa kwenye mkeka, mchuzi ukitoa moshi. Jirani akachukua imondo akaiweka mbele ya kukhu. "Kula," akasema. "Aliyechinja ndiye mwenye boma." Kukhu aliitazama sana, macho yakamjaa machozi, nikajua anamwona babu. Kisha akaikata katikati. Nusu akaila pale pale, bila haraka, kila mtu akimtazama. Nusu ya pili akaifunga kwenye jani la mgomba, akanituma nyumbani.

Baba mdogo alikuwa ameketi peke yake mlangoni. Akafungua jani. "Nusu nyingine iko wapi?" Nikamwambia kukhu amekula. Akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akasema Bismillahi, akala.

Hakubadili msimamo wake, hata leo akiwa mzee, na mimi niko naye: Krismasi si yetu. Kukhu hakuwahi kuimba wimbo wa Krismasi hata mmoja. Lakini aliendelea kuchinja kila mwaka, na kisu alikikuta kimenolewa bila kumwagiza mtu.

Sasa kukhu hayupo, na jirani hayupo. Michongoma imeng'olewa, umejengwa ukuta wa mawe. Watoto wa jirani ni watu wazuri, wakija Desemba wananisalimia, wanasema karibu, na kuku wao wanamnunua dukani akiwa ameshakatwakatwa. Hakuna anayeuliza kama nitamla. Nawashukuru, nafunga mlango wangu, napika wali wangu, na ninaumia. Siumii kwa ajili ya kuku. Namlilia yule mwanamke aliyekuwa tayari kula mrenda siku ya Krismasi yake, na watoto wake ndani ya nguo mpya, kwa sababu sisi hatukuwa kwenye mkeka wake.