Kisu Mguu wa Kulia

Wenzake bandarini walimwita Mama Shoto, kwa kuwa kazi zote alizifanya kwa mkono wa kushoto. Hata kisu chake cha kuzamia kilikaa mguu wa kushoto.

Asubuhi hiyo mtunza stoo, mgeni kazini, ndiye aliyemvalisha vifaa, na Mama Shoto kwa haraka hakujikagua. Alipokuwa chini ya meli akitazama pangaboi linaloisukuma, wavu wa samaki uliotupwa baharini ukamnasa mtungi wa hewa mgongoni. Akapeleka mkono mguuni. Hakuna kisu! Moyo ukamlipuka. Hewa ilikuwa inakaribia kwisha, na kila alipojikurupua, wavu ulizidi kumkaza.

Akajilazimisha kutulia. Akajipapasa taratibu mpaka akakigusa, mguu wa kulia. Akakata uzi mmoja mmoja kwa mkono wa kulia usiozoea kazi, maana wa kushoto ulikuwa umekazwa na wavu, na mara mbili nusura kimponyoke.

Alipoibuka, mtunza stoo alimpokea ngazini akitabasamu.

“Mama, nilikuta kisu umekipanga upande mbaya, nikakurekebishia.”

“Mwanangu,” alisema, meno yakigongana, “nusura unizike. Siku nyingine uliza kwanza. Na mimi nilikosa, sikujikagua.”

Tabasamu likamkauka kijana wa watu. Akapiga magoti palepale, akaanza kufungua mikanda ya kisu ili akihamishie mguu wa kushoto.