Mtihani uliotoka na viboksi: nilivyojifunza LaTeX na Advanced Maths upya huku Kyerwa

Wakuu, habari za mapumziko. Walionizidi umri, shikamooni. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari moja huku Songambele. Nilizoea kidato cha tatu na cha nne, maisha yanaenda.

Mwalimu wa Advanced Maths, aliyefundisha mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) kidato cha tano na sita, akahamishwa. Mkuu wa shule akaniita ofisini.

"Madam, umebaki wewe. Ukishindwa, hawa watoto wa PCM itabidi niwatawanye shule nyingine."

Nikakubali. Ila chuo nilimaliza zamani, differential equations na complex numbers vilishafutika kichwani. Nikawa nasoma leo, nafundisha kesho.

Ukafika mtihani wa mazoezi. Nikauchapa kwa Word, nikaweka kwenye flash, nikaenda kuprint stationery moja pale Kayanga. Kompyuta yao ilikuwa na Word ya zamani. Karatasi ya juu ilitoka safi, nikafunga bahasha nikarudi.

Asubuhi kwenye chumba cha mtihani ndiyo nikaona. Kurasa za ndani, alama za integral zimegeuka viboksi. Vipeo vimeshuka, x kipeo cha pili inasomeka x2.

Binti mmoja, Aneth, ndiye mkali wa darasa, nilimkuta anatokwa machozi kimya kimya.

"Madam, nimesoma kweli. Lakini haya maswali siyajui hata moja."

Alidhani kosa ni lake. Hilo liliniuma sana. Nikasimamisha mtihani.

Nina rafiki wa tangu chuo, Adela, kwao Ihanda. Yeye aliendelea na masters ya hesabu. Nikampigia.

"Achana na Word," akasema. "Njoo Jumamosi nikufundishe LaTeX."

Kwa wasioijua: unaandika maelekezo kwa maneno na alama, program yenyewe inapanga ukurasa na kukutolea PDF. Hiyo PDF ukiifungua kompyuta yoyote inabaki vilevile.

Wakuu, Jumamosi ya kwanza nilitamani kurudi nyumbani. Ukisahau bano moja tu, kazi nzima inagoma. Mama yake Adela alikuwa anaanika kahawa uani, akaniangalia nilivyojiinamia.

"Mwanangu, kwenu kuna msiba?"

Adela hata hakucheka. "Hii program haikisii ulichotaka kusema," akaniambia. "Ulichofungua, kifunge."

Nikaendelea kwenda kila Jumamosi. Faida ambayo sikuitegemea ilikuja nilipoanza kuchapa majibu ya maswali. Unapochapa mstari kwa mstari, unagundua pale unaporuka hatua kwa sababu huelewi. Nikikwama, Adela anafunika laptop, tunarudi kwenye kalamu na karatasi. Kuna mchana tuliumalizia wote kwenye swali la integrating factor, ile mbinu ya kutatua differential equations, akikataa kuniachia mpaka nimfundishe yeye kama mwanafunzi wangu.

Nikaanza kuingia darasani bila wasiwasi.

Mtihani wa pili nikauprint kutoka PDF. Nilikaa palepale stationery nikikagua ukurasa mmoja mmoja, mwenye duka akaniletea kiti. Kila alama ilikuwa mahali pake.

Siku ya mtihani napita katikati ya madawati, kalamu zinatembea. Mara Aneth akanyoosha mkono. Nikamkimbilia nikidhani viboksi vimerudi.

"Madam, naomba karatasi za kuongezea."

Nilimpa, nikatoka nje kidogo kuvuta pumzi.

Matokeo ya taifa yalipotoka, darasa zima lilifaulu hesabu. Aneth sasa yuko chuo, anasoma uhandisi. Mchepuo wa PCM bado upo, na mimi ndiye ninayeufundisha.

Nilichojifunza: mtoto akishindwa swali, kwanza kagua kama swali lenyewe limemfikia. Na kama somo limekutoka kichwani, kulichapa vizuri ni njia mojawapo ya kulirudisha.

Walimu wenzangu wa vijijini, nyie mitihani ya hesabu mnaichapaje? Na anayejua kuchora grafu kwa TikZ, ile ya kuchorea ndani ya LaTeX, bila kupanda presha anisaidie hapa, mwenzenu bado inanitesa.