Mpaka Sakafu Ionekane

Mama yangu alikuwa anasafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa kijinga cha moto. Anasugua ndani, anakung'uta, halafu anaingiza pua. Ndani ya kibuyu ni giza, huwezi kuona chini, kwa hivyo ni kunusa tu. Shule mimi niliacha mapema, lakini kunusa nilijua.

Sasa pua hiyohiyo ndiyo niliyoenda nayo kwa kazi ya bwawa la kuogelea, pale gesti iliyo katikati ya mashamba ya chai, upande wa Kabianga. Klorini ikinuka kali, nasema leo dawa imetosha. Mwenzangu, mtu wa kutoka huko ziwani, akanicheka eti pua yangu ni ya maziwa. Harufu ile, alisema, ni dawa ikipigana na jasho na mikojo, na inashindwa. Yeye alikuwa anachota maji kwa chupa ndogo, anatia matone, anaangalia umanjano unaoonyesha dawa, mbele ya kikombe cheupe. Ukififia, watu watatoka na vipele. Ukikolea sana, macho yanawaka, kifua kinakohoa. Na hata rangi ikikubali, bado anachuchumaa ukingoni kutazama sakafu. Nilidhani anaomba.

Mvua yetu unaijua. Ijumaa moja ikashuka ya mawe, ikajaza bwawa majani. Asubuhi umanjano hakuna, na maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Akamwaga dawa nyingi, akafunga geti. Meneja akaja, watoto wa kanisa wako njiani, na dawa si imewekwa? Mwenzangu akamwambia hiyo dawa bado inachoma, wangoje kesho. Meneja akasema maji ni maji, fungua.

"Bosi, mwanangu nilimtafuta kwa mikono," akasema polepole. "Maji yalikuwa hivihivi. Nilimkanyaga kabla sijamwona."

Meneja akaliacha geti limefungwa. Watoto walienda kucheza mpira.

Jumapili maji yalikuwa yametulia, rangi imekubali, kila kigae kinaonekana. Nikamwita ndugu kwa lugha ya kwao, "Omera, njoo uone. Chini ni safi."

Akachuchumaa. Alitazama muda mrefu, na macho yake yalikuwa yanafuata kitu, kutoka huku mpaka kule, kama anayemtazama mtoto akiogelea, na ndani hakukuwa na kitu. Akainuka, akaweka kikombe cheupe ukingoni, akapita katikati ya chai kuelekea barabarani, na hakurudi tena.