Nyuzi za Besi

Baba mukubwa, kaka mkubwa wa baba yangu, alikuwa amekwisha kuamua: Jumamosi seremala angekuja kuchukua piano kwa ajili ya mbao zake, na mahali pake tungeweka kinanda cha umeme kutoka madukani mjini. Nilikataa. Nina digrii ya sheria na sina kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kukataa vizuri. Niliandika sababu zangu kwenye daftari, nikazifuta, nikaziandika upya. Vipi kama yeye ndiye mwenye haki? Vipi kama ninang'ang'ania kabati tu? Lakini Babu aliinunua piano hiyo kwa jasho la kazi yake ya reli, na umeme wetu hukatika karibu kila siku. Kinanda cha kungoja umeme kina faida gani?

Shida ilikuwa upande wa besi. Nyuzi zilizopaswa kuwa nene zilikuwa nyembamba, zikigongwa zinalia kama bati. Tangu utotoni tuliambiwa ni kutu. Sikumjua fundi wa piano hata mmoja, basi asubuhi ya Jumamosi nikamleta jirani anayesuka upya nyaya za shaba za mota za pampu zilizoungua.

Baba mukubwa, akiwa mlangoni akimsubiri seremala, alimwuliza tangu lini pampu za maji zinaimba. Tangu nilipoanza kuzitengeneza, fundi akajibu, kichwa kikiwa ndani ya piano. Akavuta uzi mmoja kwa kidole, akaniambia:

"Hii ni bobine tu, mama. Iko bobine ndefu. Na haiko kutu. Muntu alitoa cuivre na mikono."

Kumbe nyuzi za besi huviringishiwa shaba kama bobine, ile koili ya mota; na hapa kwetu kila mtu anajua shaba inayotoka nyumbani huishia wapi: kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamtazama Baba mukubwa. Aliuacha mlango, akaja hadi kwenye piano.

"Ni mimi. Ile miezi kazi haikukuwa. Baba yako alijua."

Nikaliweka kando daftari langu. Fundi alikuwa amefunga mashine yake ya kusukia mezani. Nikaonyesha mpini wake.

"Basi, Baba mukubwa, utazungusha wewe."

Alisema sina heshima. Nilikubali, lakini sikusogea.

Seremala alipofika na mkokoteni, nilisimama mlangoni nikamwambia hapa hakuna mbao. Alichungulia juu ya bega langu, akitafuta neno la mkubwa. Mkubwa alikuwa ameinama, anazungusha mpini polepole kama alivyoamriwa, shaba mpya ikipanda juu ya chuma, na hakuinua kichwa.