Mahindi Niliyoyaficha Kibomet

Harufu ya mabua makavu hainipi raha hadi leo. Ikinifikia tu, nainuka, nafungua mlango na kuchungulia shamba kana kwamba kuna mtu ananiita. Nilipokuwa na miaka saba, nyumbani kwetu Kibomet, pembeni mwa Kitale, harufu hiyo ilimaanisha mavuno, na mavuno yalimaanisha kuokota. Desturi ilikuwa wazi: wavunaji wakishamaliza shamba, hindi lolote lililosahauliwa ni la atakayeliokota. Hata Baba, mwenye shamba, hakuligusa. Nami sikuwa na kitu changu. Sweta niliyovaa ilikuwa ya dada, kitandani tulilala watatu. Nilitamani gunia langu mwenyewe mpaka nikakosa utulivu.

Siku ya kuvuna nilichukua mahindi kumi na mawili kwenye rundo la Baba, nikayafunika kwa mabua karibu na kichuguu, ili kesho yake niyaokote. Asubuhi nilikimbia shambani bila kunywa chai, nikamkuta rafiki yangu Nafula ameshapita. Yeye na mamake walikuja kila msimu kutoka Kamukuywa kutuvunia. Mahindi yangu yalikuwa kwenye gunia lake, naye anacheka kwa furaha.

"Mwizi!" nilipiga kelele. "Hayo ni yangu!"

"Si nimeokota tu," alisema akinishangaa. "Yako aje?"

Sikumwelewa kabisa. Kwa kuwa mimi nilijua ni yangu, niliamini kila mtu anajua, na kwamba Nafula anajifanya tu. Baba akaja, akaona mahindi makubwa yasiyoweza kusahauliwa na mvunaji, akaamini yametolewa kwenye rundo lake. Hapo hakukosea; alikosea mtu. Alilimwaga gunia lote chini. Mama Nafula alimsihi, "Mzee, huyu mtoto hawezi iba, mimi namjua," lakini Baba alikuwa ameshageuka. Sasa nilielewa nilichofanya, na neno langu moja lingetosha. Niliogopa kiboko, nikanyamaza. Msimu uliofuata hawakuitwa, na Nafula sijamwona tena. Naona aibu hata kuandika haya.

Siku hizi nalima ekari mbili nje ya mji wa Bungoma. Mwaka jana, baada ya mavuno, niliacha mahindi makusudi kando ya ua kwa ajili ya waokotaji, nikayapanga vizuri yaonekane. Nilijiona mwema kwelikweli. Nikasimama dirishani, nikakaa, nikasimama tena. Mwanamke mmoja alipita na mtoto wake, akayaona, akatazama huku na huku. Kisha akayafunga yote kwenye leso, akaja kubisha mlango wangu.

"Mama, hii mahindi mlisahau. Iko yote, hata mtoto ameona. Mimi sitaki maneno, bana."

Nilimwambia ni yake, achukue. Akatikisa kichwa. "Ya kuokota haikai pamoja hivyo," alisema, akayaweka kizingitini, akamshika mtoto mkono na kuondoka haraka.

Hakuwa ananijua hata jina. Lakini alijua kwamba siku akiitwa mwizi, mtu kama mimi anaweza kunyamaza. Mahindi yale yalibaki pale siku nyingi, nikiyaruka kila nikiingia na kila nikitoka, kwa maana sikujua ni ya nani.