Mtaa Ulioingia kwa Tundu la Msumari

Mwanabaraka hakuwa mtu wa kukaa. Alikula amesimama, alisahihisha madaftari akitembea, na kwa miaka ishirini na miwili wanafunzi wake wa fizikia huko Tononoka walimfuata kwa shingo kama watazamao mpira wa meza. Kwa hiyo Jamaldin, mumewe, alipofariki, waliomjua walimlilia marehemu, kisha wakaanza kumhofia mjane: miezi minne na siku kumi za eda, ndani ya chumba kimoja cha ghorofani, Kibokoni.

Msimamizi wa eda alijiteua mwenyewe. Huyu ni Yumna, dadake marehemu, aliyehamia kutoka Bondeni na mikoba mitatu. Siku ile ile alifunga dirisha. Mjane asionwe na wanaume, alisema, wala yeye asiwaone. Hiyo sehemu ya pili hakusema ameitoa wapi, na hakuulizwa. Nyumba ya msiba si mahali pa kudai ushahidi.

Siku arubaini Mwanabaraka alitembea. Hatua saba hadi kabatini, saba kurudi. Siku ya arubaini na moja, adhuhuri, jua likipiga nyumba za ng'ambo, aliona kitu kikitambaa ukutani juu ya kitanda. Ubao wa dirisha ulikuwa na tundu ulipong'oka msumari zamani, na kwa tundu hilo mtaa mzima ulikuwa umeingia chumbani na rangi zake zote, miguu juu, vichwa chini. Kahindi muuza maji alipita na mkokoteni wake, magurudumu yakielekea dari.

Alijua anachokiona. Kila mwaka aliwafundisha kidato cha kwanza jambo hilo kwa boksi la viatu, na akawasimulia habari za Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyeishi Misri miaka elfu moja iliyopita. Husimuliwa kwamba alimwahidi khalifa kuudhibiti mto Nile, akaenda akauona huo mto, kisha akajifanya mwendawazimu ili abaki na kichwa chake. Akafungiwa nyumbani miaka kadhaa. Hadithi hiyo kama ni kweli, elimu ya mwanga ina deni kwa mlango uliofungwa. Kabla yake wakubwa wa Kiyunani walishikilia kwamba jicho hutoa miale, ikaenda nje kukipapasa kitu. Yeye alipanga taa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaziba moja moja, na kila taa iliyozibwa doa lake la mwanga ukutani, hilo peke yake, likatoweka. Mwanga hutoka kwenye vitu ukaja jichoni, akasema. Jicho haliendi popote.

Siku ya nne ya sinema hiyo Yumna aliingia na bakuli la uji.

"Wifi, nini hicho?"

"Mtaa."

Yumna aliinamisha kichwa hadi mtandio ukamwanguka. "Huyu si Kahindi huyu? Astaghfirullah! Wanaume wamo chumbani mwa mjane!"

"Wamo ukutani."

"Ukuta wa nani? Umekaa hapa, mato yako yametoka yazurura Kibokoni, na kaburi la ndugu yangu halijakauka!"

"Mato yangu hayajatoka." Mwanabaraka aligusa kope za jicho. "Ukitazama jua, nani huumia, wewe au jua?"

"Mimi."

"Basi nani kamwendea mwenziwe?"

Yumna alilifikiria swali hilo kwa muda wa vijiko viwili vya uji, akivila yeye. Kisha akaleta pamba iliyobaki mazishini, akaziba tundu.

Zilibaki siku themanini na tano. Mwanabaraka aliziona zote, mojamoja, pale baina ya mlango na kabati. "Mwite Maalim Khubaib wa msikitini," akasema. "Akisema nimetoka, sitaligusa tundu mpaka eda iishe. Akisema sikutoka, pamba uile na uji."

Maalim alikaa kwenye ukumbi, nje ya mlango. Yumna alishitaki. Mwanabaraka alijitetea kutoka ndani, kisha akampitishia boksi la viatu vya Jamaldin, vile ambavyo hakuwahi kuvivaa, limetobolewa upande mmoja na kubandikwa karatasi ya mafuta upande wa pili. Maalim alilipandisha darini, juu ya nyumba, akajitanda kichwa kwa shuka. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuona mnara wa msikiti wake ukining'inia kama popo.

"Hakutoka," alisema. "Kilichoingia ni mwanga, na mwanga hauposi mtu. Lakini nami nina swali. Kufunga dirisha mumekutoa wapi?"

Yumna akaanza kuutengeneza mtandio wake, na Maalim akaendelea.

"Mjane ajisitiri. Hakuna aliyeamrisha azibiwe hewa. Fungueni."

Yumna hajui kufanya jambo nusu. Alifungua mbao zote mbili papo hapo, chumba kikajaa nuru, na mtaa haukurudi ukutani. Pale juu ya kitanda pakabaki chokaa, na alama ya unyevu.

Mwanabaraka alijitanda, akasogea dirishani. Chini Kahindi aliinua uso. "Pole, Mwalimu!" Akamjibu. Mwenye duka la ng'ambo akatoka: "Pole sana. Alikuwa mtu mwema." Akamjibu. Wanawake wawili wakasimama, mmoja akajifuta macho. Kila aliyepita alipunguza mwendo na kubadili sura. Kule ukutani walikuwa wakipita tu, wanacheka, wanagombana bei ya samaki, kama watu wa mtaa usiokuwa na msiba.

Alivumilia siku mbili. Ya tatu, kabla ya adhuhuri, Yumna aliingia na bakuli la uji, akakuta giza, na pamba iko sakafuni.

"Nani kafunga?"

"Mimi."

"Subhanallah! Maalim kakupa dirisha zima, wewe wataka tundu?"

"Dirishani wananiona, Yumna."

Yumna aliinua macho juu ya kitanda. Ukutani palikuwa na weupe hafifu tu usiosomeka. Akaweka bakuli chini, akarudi kuufunga mlango, maana nuru ya ukumbini ilikuwa inaharibu picha.