Udongo wa Kusafishia Maji

Maji ya mto wetu yalikuwa maangavu, kokoto unaziona chini, lakini ndiyo yaliyokuwa yakituumiza matumbo kwa vijidudu visivyoonekana. Tulipoyatia shabu ili uchafu ushikamane na kuzama, chembe nyeupe zilielea tu, zikapenya mchanga wa kuchujia hadi mabombani. Wodi ya watoto ilijaa, na binti yangu Akinyi alikuwa humo. Mimi ndimi niliyekuwa fundi wa mtambo wa maji. Nikajaza dumu maji yetu, nikapanda meli ya kuvusha mabehewa ya reli kutoka Kisumu kwenda kuuliza Kampala.

Alfajiri, Port Bell, bandari ya Kampala. Askari wa getini alifungua dumu, akanusa.

"Hii kitu gani?"

"Maji, afande."

"Uganda iko na maji mingi. Wewe naleta ya nini? Kunywa."

Maji yaliyomlaza mwanangu niliyanywa huku nikitabasamu. Bunduki ilikuwa karibu.

Asubuhi, Nakawa. Mama Nantongo, mpimaji wa maji, alinipokea chumbani kwake. Redio ilikuwa na hotuba ya mkubwa wa nchi, akaiacha iseme. Siku hizo hakuna aliyethubutu kuizima. Aliyagawa maji yangu katika bilauri mbili, zote akazitia shabu. Ya pili akaiongezea udongo wa mfinyanzi aliouchoma na kuusaga.

"Mama, unayachafua."

"Ssebo, bwana wangu, ngoja. Maji yako hapana tope ndani. Shabu natafuta kitu ya kushika, nakosa."

Akakoroga polepole. Bilauri ya kwanza ilibaki na ukungu wake. Katika ya pili vikatokea vitonge, vikanenepa kama vya uji, vikashuka vyote. Juu yake yalibaki maji ambayo sijapata kuona mfano wake.

Akanifungia bonge la udongo ule.

Kesho yake, getini tena, askari yuleyule.

"Hii emumbwa? Bibi yako iko na mimba?"

Wajawazito wa huko hutumia emumbwa, bonge la udongo wa dawa. Nikaitikia. Akamega nusu nzima.

"Yangu pia iko na mimba," akasema kwa upole, akanipisha.

Nusu iliyobaki ilitosha kujua kipimo cha kutia mtamboni. Baada ya hapo tulichoma udongo wa kwetu. Nimejifunza kutoyaamini maji kwa sababu tu yanang'aa.

Akinyi aliporudi nyumbani nilimkingia bilauri bombani.

"Baba, umetia nini?"

"Udongo."

Akanitazama, akacheka, akanywa yote.